Mwenda Yohane Bosco, Mpiga Gitaa wa Bunkeya

Sisi wa Kambove twaijua vema njia ya Likasi. Mama zetu huishika asubuhi wakienda sokoni, na jioni hurudi wamechoka, na vumbi miguuni. Ni mji wa karibu, na kitu cha karibu hatukistaajabii. Lakini mwaka 1952, katika mji ule, kijana mmoja alikuwa akipiga gitaa njiani. Mlio wa gitaa lile ulisikika baadaye Afrika ya Kusini, ukasikika Nairobi, ukavuka bahari mpaka Uingereza na Marekani. Leo tutasoma habari za kijana yule. Jina lake la nyumbani lilikuwa Mwenda. Jina lake la ubatizo lilikuwa Yohane Bosco, au kwa Kifaransa Jean-Bosco.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Wayeke. Zamani Wayeke walitoka mashariki, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wanyamwezi. Walifuata shaba na pembe za ndovu. Mfalme wao, Msiri, aliufanya Bunkeya kuwa mji mkubwa wa biashara, na misafara ikafika kutoka pwani ya mashariki na kutoka nchi ya Angola. Msiri naye aliitwa Mwenda. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, alipokataa kuinama chini ya bendera ya wageni waliokuja na Kapteni Stairs. Basi mtoto aliyeitwa Mwenda katika Bunkeya alibeba jina zito.

Jina lake la pili nalo lilikuwa na habari yake. Mtakatifu Yohane Bosco alikuwa padri wa Torino, katika nchi ya Italia. Alipokuwa mtoto maskini alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya kiinimacho, watu wakakusanyika kumtazama, naye akawaomba wasali pamoja naye kwanza, ndipo awaonyeshe michezo yake. Baadaye alikusanya vijana wasio na kazi, akawafundisha ufundi, kusoma na muziki. Watoto wake wa kiroho, Wasalesiani, walifika Katanga mwaka 1911. Papa alimtangaza Bosco kuwa mwenye heri mwaka 1929, na mtakatifu mwaka 1934. Basi Mwenda alipozaliwa, jina la Bosco lilikuwa jina jipya midomoni mwa Wakristo.

Ili tufahamu kazi ya Mwenda, yafaa kwanza tujue nchi ilivyokuwa siku zile.

Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba ya Katanga. Gari la moshi lilifika Elisabethville mwaka 1910, nalo likafika hapa kwetu Kambove mwaka 1913. Hivyo babu zetu wa Kambove waliisikia filimbi ya gari la moshi mapema kuliko watu wengi wa nchi hii. Mashimo yalitaka mikono mingi. Watu walitoka Kasai, Rhodesia, Angola, Rwanda na nchi nyingine, kila mmoja na lugha yake na ngoma yake. Walipangwa katika nyumba za kambi, mlango kwa mlango. Mluba akakaa karibu na Mbemba, Mbemba karibu na Msanga. Wangesemaje? Walisema Kiswahili. Kiswahili chetu cha Katanga kilikua hapo, penye bomba la maji na penye mstari wa posho.

Na jioni je? Mtu aliyefanya kazi shimoni tangu alfajiri hakuwa na nguvu za kucheza ngoma usiku kucha, wala msimamizi wa kambi hakupenda kelele. Basi watu walitafuta muziki mdogo, muziki wa kukaa mbele ya mlango. Wengine walikuwa na kisanji, yaani kile kibao chenye vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Wengine waliweka akiba ya franga zao, wakanunua gitaa dukani.

Gitaa lile lilikuwa sanduku la mbao lenye nyuzi sita, bila umeme. Mtu aliyetaka kupandisha sauti alichukua kijiti au kalamu ya risasi, akakifunga shingoni mwa gitaa kwa uzi au kwa mpira, kikabana nyuzi zote sita. Rafiki yake alichukua chupa tupu, akaigonga kwa kisu au kwa msumari. Hiyo ilikuwa bendi nzima.

Watu wazima wengi hawakulipenda gitaa. Waliliona ni chombo cha walevi na cha vijana wasiotaka kazi. Nasi wa misioni tuseme kweli: kanisani tulikuwa na harmoniamu, na gitaa tuliliacha nje ya mlango kama mbwa. Ilikuwa baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliofanyika toka mwaka 1962 hata 1965, ndipo gitaa lilipoanza kuingia polepole katika nyimbo za Misa. Ninyi watoto mnaoliona leo karibu na altare mwadhani lilikuwapo sikuzote. Halikuwapo.

Mwenda hakuwa mlevi wa njiani. Alikuwa amesoma, naye alifanya kazi ya ofisi, kazi ya kalamu na karatasi. Lakini alipotoka kazini alilishika gitaa, na vidole vyake vikafanya jambo ambalo watu wa Likasi walisimama kulitazama. Siku zile mji wa Likasi uliitwa Jadotville. Moshi ulipanda kutoka viwanda vya Panda na Shituru, watu wakapita na baiskeli zao, na katikati yao kijana wa miaka ishirini na miwili akipiga gitaa.

Mwaka 1952 akapita Mwingereza mmoja, jina lake Hugh Tracey.

Tracey hakuwa mfanya biashara wa shaba. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini akiwa kijana ili kulima tumbako. Huko shambani aliwasikia wafanya kazi wakiimba, akaimba pamoja nao, na tumbako ikawa kitu kidogo machoni pake. Tangu hapo alizunguka nchi nyingi za Afrika akinasa nyimbo kwa mashini. Aliogopa kwamba nyimbo za wazee zitapotea kabla ya kuandikwa. Wazungu wengi wa siku zile walicheka kazi yake, na Waafrika wengine waliosoma walimcheka pia, maana waliona haya kwa nyimbo za kwao.

Kunasa sauti siku zile hakukuwa kazi ya dakika moja. Mashini ilikuwa nzito, ilibebwa na motokari. Ilitaka umeme, na umeme ulitoka katika injini iliyonguruma, basi injini iliwekwa mbali na waya mrefu ukavutwa mpaka penye mwimbaji, ili ngurumo isiingie katika wimbo. Kisha mtu akaimba. Na ilimpasa kumaliza upesi, maana santuri ya siku zile, ile sahani nyeusi iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua wimbo wa dakika tatu hivi upande mmoja. Wazee wetu walizoea nyimbo zisizo na mwisho. Sasa wimbo ulipaswa kuingia katika sahani kama mguu katika kiatu.

Tracey alikuwa akitafuta nyimbo za zamani zaidi, na gitaa si chombo cha zamani kwetu. Angeweza kupita. Lakini alimsikia Mwenda, akasimama, akamwomba apige mbele ya mashini yake. Hivyo zilinaswa nyimbo kadhaa, na mmojawapo uliitwa Masanga. Mwaka uleule Masanga ulipewa zawadi ya kwanza katika mashindano ya muziki wa Afrika. Wimbo wa pili unaokumbukwa wa siku zile ni Bombalaka.

Kwa nini Masanga ulistaajabisha watu? Tutazame mikono ya Mwenda.

Mkono wa kushoto ulibana nyuzi shingoni mwa gitaa, kama wapigaji wote wafanyavyo. Ajabu ilikuwa katika mkono wa kuume. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kilitembea katika nyuzi nene, chini, bila haraka, kama mwanamume anayekanyaga baiskeli kwenda kazini. Kidole cha shahada kiliruka katika nyuzi nyembamba, juu, kama mtoto aliyepakiwa nyuma ya baiskeli ileile, anayegeuka huku na huku. Kimoja kilihesabu mbili, kingine kilihesabu tatu, wala hawakugongana. Mtu aliyesikia bila kuona alidhani wapigaji ni wawili, labda watatu. Alipofungua mlango alimkuta mtu mmoja amekaa juu ya kiti.

Jaribu wewe mwenyewe. Gonga meza kwa mkono wa kushoto mara mbili, na wakati uleule gonga kwa mkono wa kuume mara tatu, zote zianze pamoja na ziishe pamoja. Wengi katika darasa watashindwa siku ya kwanza. Wale ambao bibi zao waliwafundisha ngoma wataweza mapema. Basi Mwenda alifanya hivyo kwa vidole viwili vya mkono mmoja, na juu ya hayo aliimba.

Tena hakupiga wimbo mara mbili namna moja. Leo alipita njia hii, kesho aliingia kando kidogo, akarudi njiani pale usipomtazamia. Mwalimu mmoja wa London, David Rycroft, alisikiliza santuri za Mwenda mara nyingi, akaandika kila mlio kwa alama za muziki, na akachapisha kazi yake katika miaka ya 1961 na 1962. Ndivyo wanavyoandikwa watunzi wakubwa wa Ulaya. Mpiga gitaa wa Jadotville akaandikwa vivyo hivyo.

Santuri za Mwenda ziliuzwa sana. Ziliingia katika gari la moshi pamoja na vitambaa na chumvi. Mtu aliyekuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono aliiweka dirishani, na jirani zake wakakaa nje bure kusikiliza. Na kwa kuwa Mwenda aliimba Kiswahili, santuri zilivuka mpaka bila pasipoti. Watu wa Tanganyika, Kenya na Uganda walielewa maneno, ingawa walicheka kidogo Kiswahili chetu cha Katanga, nasi tukacheka chao. Aliimba habari za mama na mwana, za mapenzi, za safari, za mji na taabu zake. Hakuwa mhubiri. Nyimbo nyingine zake hatutaziimba katika darasa hili. Lakini hata mtu asiyezipenda hawezi kukana kwamba ndani yake mna watu wa kweli.

Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akapiga katika redio, na saa yake ilipofika vijana wengi wa Kenya walikaa karibu na sanduku la redio na magitaa yao magotini. Walijaribu kumfuata. Wengi wakawa wapigaji mashuhuri wa nchi yao. Mwenzake wa Katanga, Eduardi Masengo, naye alikwenda Nairobi akapendwa sana.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa katika taabu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960, na siku chache tu baadaye Katanga ikajitenga, ikabaki hivyo mpaka Januari 1963. Watu walikimbia, familia ziligawanyika. Wazee wenu wanajua habari hizi kuliko kitabu.

Mwezi wa Julai 1969 Mwenda alialikwa Marekani, kwenye sikukuu kubwa ya nyimbo za watu katika mji wa Newport. Ulikuwa mwezi uleule ambao watu walikanyaga mwezi wa mbinguni mara ya kwanza. Nami nafikiri hivi: kutoka Bunkeya mpaka Newport na gitaa la mbao mkononi, nayo ilikuwa safari ndefu ya kutosha.

Kisha likaja jambo la majina. Mwaka 1966 Jadotville iliitwa Likasi, na Elisabethville iliitwa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi nzima iliitwa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru kwamba raia waache majina ya kigeni, hata majina ya ubatizo. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akapata taabu nyingi kwa sababu hiyo. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la mtakatifu aliweza kutiwa gerezani. Basi Jean-Bosco hakuandikwa tena Jean-Bosco. Akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Jambo hili si jepesi kulihukumu. Jina la Mwenda ni jina la heshima, ni la babu zake, nalo lilikuwa lake tangu kuzaliwa. Hakuna ubaya mtu kuitwa Mwenda wa Bayeke. Ubaya ni kumnyang'anya mtu jina moja ili abaki na lingine, kana kwamba Mkristo hawezi kuwa Myeke, au Myeke hawezi kuwa Mkristo. Siku hizi tunayatumia yote mawili, na vitabu vya muziki vinamwandika mara kwa jina hili, mara kwa lile. Mtu ni mmoja.

Lakini adui mkubwa wa muziki wa Mwenda hakuwa sheria ya majina. Alikuwa umeme. Bendi za Kinshasa zilikuja na magitaa ya umeme, matano pamoja, na tarumbeta na ngoma za kigeni, na sauti yao ilijaza baa zote za Lubumbashi, Likasi na Kambove. Nani tena angemsikiliza mtu mmoja na sanduku la mbao? Vijana waliita muziki ule muziki wa wazee. Mwenda naye aliongoza bendi ya namna mpya, alifanya kazi ya ofisi, na baadaye alikuwa na hoteli Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Kumbe jambo la ajabu: katika miaka ileile ambayo jirani zake walianza kumsahau, wageni waliokuwa na santuri zake kuukuu walikuwa wakiuliza kama bado yu hai.

Mwaka 1979 alikuja Mwingereza mmoja, John Low, mpiga gitaa. Alikuja Shaba kwa kusudi moja tu, kuwatafuta wazee wa gitaa, Mwenda, Masengo na Losta Abelo, ili akae miguuni pao ajifunze. Fikirini mtu anasafiri kutoka Ulaya kuja kujifunza kitu ambacho kijana wa mtaa uleule hakitaki! Low alitazama vidole vya Mwenda, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Baadaye aliandika kitabu juu ya safari yake, kikachapishwa mwaka 1982.

Mwaka 1982 Mwenda mwenyewe alisafiri Ulaya, akapiga gitaa Ujerumani mbele ya watu waliokaa kimya kama kanisani. Alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na vidole havikuwa vimesahau. Mwaka 1988 alikwenda Cape Town, akanasa nyimbo nyingi kwa mashini nzuri za kisasa. Alipiga tena Masanga, wimbo wa ujana wake, miaka 36 baada ya ile siku ya Jadotville. Asikilizaye santuri ya kwanza na hii ya mwisho atasikia tofauti: kijana anakimbia, mzee anatembea. Mimi naipenda ya mzee, lakini wanafunzi wangu huchagua ya kijana.

Mwezi wa Septemba 1990 Mwenda alikufa kwa ajali ya motokari. Alikuwa na miaka sitini. Santuri ya Cape Town ilikuwa haijatoka bado, ilitolewa Marekani baada ya kufa kwake.

Nyimbo zilizonaswa mwaka 1952 hazikupotea. Zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika nyumba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, na ambayo sasa iko katika chuo kikuu cha Rhodes, mji wa Makhanda, pamoja na maelfu ya nyimbo nyingine kutoka nchi nyingi za Afrika. Nazo zimeingia katika simu. Kijana wa Likasi au wa Kambove aweza leo kumsikiliza Mwenda kwa simu ya kaka yake, akaweka gitaa gotini, akarudia kipande kimoja mara kumi. Kwanza kidole gumba kinasimama kila mara kidole cha shahada kinaporuka. Kijana anasonya, anarudisha wimbo nyuma, anaanza tena toka mwanzo.